Kuzima na Kuwasha Upya Kompyuta ya Linux kwa Wito wa reboot: Mwongozo Kamili kwa Waandishi wa Programu

Wanaojifunza kuandika programu za C kwenye Linux hukwama kwenye wito wa reboot, yaani ombi ambalo programu huipelekea kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) ili kompyuta izimwe au iwashwe upya, kwa namna zinazofanana mno. Programu inakompailiwa bila kosa, inaendeshwa, na kompyuta haizimiki. Au inazimika papo hapo, lakini faili lililoandikwa sekunde chache kabla linakutwa tupu. Au programu iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mezani inaingizwa ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine), na kinachokufa ni kontena peke yake huku seva ikiendelea na kazi zake.

Matatizo haya yote yana chanzo kimoja. Wito wa reboot hufanya kile ulichoamriwa na hauongezi chochote: hauzifungi programu nyingine kwa ustaarabu, hauhifadhi data iliyo kwenye kumbukumbu, wala haubandui mifumo ya faili. Maandalizi yote ni wajibu wa anayeita. Kwa hiyo ugumu hauko kwenye wito wenyewe, ambao ni mstari mmoja tu wa C, bali uko kwenye yale yanayopaswa kutangulia mstari huo.

## Vinavyohitajika

Andaa vitu vifuatavyo kabla ya kuandika chochote. Majina ya vifurushi ni ya Debian na Ubuntu.

- Kompyuta yenye Linux ya biti 64 na akaunti inayoweza kutumia `sudo`.
- Kompaila ya C pamoja na maktaba zake: kifurushi `build-essential`. Wanaotumia Fedora waongeze `glibc-static`, kwa sababu tutakompaili programu isiyotegemea maktaba za nje.
- QEMU kwa ajili ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako): kifurushi `qemu-system-x86`.
- Zana ndogo tatu: `cpio`, `strace` na `libcap2-bin`.

Hifadhi kazi zako zote zilizo wazi kwenye kompyuta hiyo. Majaribio yatafanyika ndani ya mashine pepe, lakini mkono unaoandika `sudo` kwenye dirisha lisilo sahihi hauwezi kurudishwa nyuma.

## Hatua ya 1: Amua unataka nini hasa

Amri kuu ni tatu, na majina yake yamo kwenye faili `sys/reboot.h`.

`RB_AUTOBOOT` huwasha kompyuta upya. `RB_HALT_SYSTEM` husimamisha kerneli huku umeme ukiendelea kuingia kwenye mashine, feni zikizunguka na skrini ikionyesha ujumbe wa mwisho. `RB_POWER_OFF` husimamisha kerneli kisha huiomba bodi ya mashine ikate umeme.

Wengi huchagua amri ya pili wakidhani ni ya tatu, kisha hulalamika kwamba kompyuta "imeganda". Haijaganda, imetii. Kusimamisha bila kukata umeme kuna manufaa pale tu mtu anapotaka kusoma ujumbe wa mwisho kwenye skrini, au pale ambapo kifaa chenyewe hakina uwezo wa kujikatia umeme. Kwenye kifaa cha aina hiyo kerneli huigeuza `RB_POWER_OFF` kuwa `RB_HALT_SYSTEM`, kwa hiyo usishangae bodi ndogo ikiendelea kuwaka taa baada ya kuzimwa.

Tahadhari. Kwa seva iliyo mbali nawe, amri ya pili na ya tatu zote zina maana moja: mtu atapaswa kusafiri hadi ilipo mashine na kubonyeza kitufe. Kama huna njia ya kuiwasha kutoka mbali, tumia `RB_AUTOBOOT` peke yake.

## Hatua ya 2: Andika programu

Hifadhi maandishi yafuatayo kwa jina `zimisha.c`:

```c
#include <errno.h>
#include <stdio.h>
#include <string.h>
#include <sys/reboot.h>
#include <unistd.h>

int main(int argc, char *argv[])
{
    int amri;

    if (argc != 2) {
        fprintf(stderr, "Tumia: %s washa|simamisha|zima\n", argv[0]);
        return 2;
    }

    if (strcmp(argv[1], "washa") == 0)
        amri = RB_AUTOBOOT;
    else if (strcmp(argv[1], "simamisha") == 0)
        amri = RB_HALT_SYSTEM;
    else if (strcmp(argv[1], "zima") == 0)
        amri = RB_POWER_OFF;
    else {
        fprintf(stderr, "Amri haijulikani: %s\n", argv[1]);
        return 2;
    }

    fflush(NULL); /* toa yaliyomo kwenye bafa za programu */
    sync(); /* peleka yaliyomo kwenye kerneli hadi diski */

    if (reboot(amri) == -1) {
        fprintf(stderr, "Wito umekataliwa: %s\n", strerror(errno));
        return 1;
    }
    return 0;
}
```

Mistari miwili inayotangulia wito ndiyo inayoachwa na wengi, na inafaa ielezwe kwa kina kwa sababu hapa ndipo data hupotea.

Unapoandika kwa `fprintf` au `fwrite`, maneno yako hayaendi moja kwa moja kwenye diski. Kwanza hukaa kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, iliyo ndani ya programu yako. Bafa hiyo ikijaa au ukiita `fflush`, ndipo maneno huhamia kwa kerneli, nayo huyaweka kwenye kumbukumbu yake na kuyapeleka diski kwa wakati inaoona unafaa. Kuna vituo viwili, basi, na kila kimoja kina ufunguo wake: `fflush(NULL)` hufungua kituo cha kwanza kwa mafaili yote yaliyo wazi ndani ya programu yako, na `sync()` hufungua cha pili kwa mashine nzima. Anayeita `sync` bila `fflush` hupoteza yaliyomo kwenye bafa zake mwenyewe, na anayefanya kinyume chake hupoteza yale ambayo kerneli ilikuwa bado haijayafikisha. Kwenye Linux, `sync` husubiri hadi uandishi ukamilike ndipo irudi. Kiwango cha POSIX hakilazimishi hivyo, kwa hiyo anayehamishia programu yake kwenye mfumo mwingine wa jamii ya Unix asitegemee jambo hilo.

Thamani inayorudishwa pia haipaswi kupuuzwa. Wito ukifaulu kwa amri yoyote kati ya hizo tatu, programu haiendelei na mstari unaofuata, maana hakuna tena cha kurudia. Kwa hiyo mstari wowote ulio chini ya `reboot` husomwa pale tu mambo yalipoharibika, na kazi yake ni kusema kilichoharibika.

Kompaili hivi:

```
gcc -Wall -static -o init zimisha.c
```

Dalili ya mafanikio: amri inarudi kimya, bila onyo lolote, na faili liitwalo `init` lipo kwenye folda. Jina hilo limechaguliwa kwa makusudi, kama utakavyoona kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Jaribu ndani ya mashine pepe

Usijaribu programu hii kwanza kwenye kompyuta unayofanyia kazi. Njia safi zaidi ni kuwasha kerneli ndani ya QEMU na kuifanya programu yako iwe mchakato wa kwanza, yaani wenye namba 1, bila diski na bila kitu kingine chochote cha kuharibika.

```
echo init | cpio -o -H newc | gzip > maabara.gz
sudo cp /boot/vmlinuz-$(uname -r) kerneli
sudo chown $USER kerneli
```

Mstari wa kwanza unaifunga programu ndani ya mfumo mdogo wa faili utakaopakiwa kwenye kumbukumbu. Miwili inayofuata inanakili kerneli ya kompyuta yako, kwa kuwa Ubuntu hairuhusu mtumiaji wa kawaida kuisoma pale ilipo. Sasa washa:

```
qemu-system-x86_64 -m 512 -nographic -no-reboot \
  -kernel kerneli -initrd maabara.gz \
  -append "console=ttyS0 -- zima"
```

Maneno yaliyo baada ya vistari viwili kwenye `-append` hukabidhiwa na kerneli kwa mchakato wa kwanza kama hoja zake. Kwa hiyo unaweza kujaribu amri zote tatu kwa kubadilisha neno `zima` peke yake, bila kukompaili upya.

Dalili ya mafanikio hutofautiana kulingana na amri:

- `zima`: mstari wa mwisho ni `reboot: Power down`, na QEMU inajifunga.
- `washa`: mstari wa mwisho ni `reboot: Restarting system`, na QEMU inajifunga kwa sababu ya `-no-reboot`. Ukiondoa neno hilo, mashine itawaka, itajizima na kuwaka tena bila kikomo.
- `simamisha`: unaona `reboot: System halted`, kisha hakuna kinachoendelea. Bonyeza Ctrl na A, achia, kisha X, ili kutoka.

Kama majibu si haya, soma kwa makini mistari ya mwisho kabla ya kubadilisha chochote, kwa sababu kerneli husema wazi ilichokiona. Ujumbe `Attempted to kill init!` unamaanisha kwamba programu yako ilianza, ikashindwa, ikatoka. Na mchakato namba 1 hauruhusiwi kutoka. Kando yake pana `exitcode`. Ikiwa ni `0x00000200`, programu ilirudisha 2, yaani hoja haikufika au imeandikwa vibaya. Ikiwa ni `0x00000100`, ilirudisha 1, yaani wito wenyewe ulikataliwa. Ujumbe `Failed to execute /init` kwa kawaida hutokana na kusahau `-static`. Na `Unable to mount root fs` hutokea pale faili lilipofungwa kwa njia ndefu, mfano `kazi/init`, kwa hiyo kerneli haikulipata pale inapolitarajia. Ingia kwenye folda yenyewe kisha uendeshe `cpio` upya.

## Hatua ya 4: Toa ruhusa kwa kipimo

Ndani ya maabara programu ilikuwa na mamlaka yote. Kwenye kompyuta halisi mambo ni tofauti. Iendeshe kama mtumiaji wa kawaida, bila `sudo`, chini ya uangalizi wa `strace`:

```
strace -e trace=reboot ./init washa
```

Utaona mstari huu:

```
reboot(LINUX_REBOOT_MAGIC1, LINUX_REBOOT_MAGIC2, LINUX_REBOOT_CMD_RESTART) = -1 EPERM (Operation not permitted)
```

Hilo ndilo jibu sahihi kwa mtu asiye na ruhusa. Kerneli haiulizi kama wewe ni `root`. Inauliza kama mchakato una uwezo uitwao `CAP_SYS_BOOT`. Akaunti ya `root` huwa na uwezo wote kwa kawaida, na ndiyo maana `sudo` hufaulu, lakini kutumia `sudo` kwa programu inayohitaji uwezo mmoja ni kutoa funguo zote za nyumba kwa anayehitaji mlango mmoja. Toa uwezo huo peke yake, kwa nakala utakayoiweka mahali maalumu:

```
sudo install -o root -g operator -m 0750 init /usr/local/sbin/zimisha
sudo setcap cap_sys_boot+ep /usr/local/sbin/zimisha
getcap /usr/local/sbin/zimisha
```

Badala ya `operator` weka kundi lolote la watumiaji unaowaamini. Ruhusa ya `0750` ni ya lazima, kwa sababu baada ya `setcap` kila anayeweza kuendesha faili hilo anaweza kuzima mashine, hata kama hana nenosiri la `sudo`.

Dalili ya mafanikio: `getcap` inaonyesha jina la faili likifuatwa na `cap_sys_boot`.

Tahadhari tatu. Uwezo huu unafutika kila unapokompaili na kunakili faili upya, kwa hiyo `setcap` irudiwe kila mara. Hautambuliwi kabisa kwenye diski iliyopachikwa kwa chaguo la `nosuid`. Na hauheshimiwi unapoendesha programu chini ya `strace` ukiwa mtumiaji wa kawaida. Ukiona `EPERM` ndani ya `strace` baada ya `setcap`, tatizo si faili lako.

## Hatua ya 5: Tanguliza kazi ya kufunga

Hatua hii ndiyo inayotenganisha programu inayozima kompyuta na programu inayoizima kwa usalama. Ukiita `reboot` huku hifadhidata ikiandika, `sync` uliyoita sekunde moja kabla haitaokoa yale yaliyoandikwa baada yake. Kerneli itavizima vifaa kwa utaratibu wake, lakini programu zilizo hai zitakatwa zilipofika, bila nafasi ya kufunga mafaili yao.

Kuna njia mbili, na uchaguzi unategemea nani anamiliki mchakato namba 1.

### Mashine ina systemd

systemd ni programu inayoshika nafasi ya mchakato namba 1 na kusimamia huduma zote za mfumo. Hivi ndivyo ilivyo kwa Ubuntu, Debian, Fedora na jamaa zao. Ushauri wangu hapa ni thabiti: usiite `reboot` mwenyewe. Mwombe mwenye mfumo.

```
systemctl reboot
systemctl poweroff
systemctl halt
```

systemd itazifunga huduma kwa mpangilio, itazitumia ishara ya `SIGTERM` (ombi la kujifunga), itazisubiri kwa muda ambao kwa chaguo-msingi la systemd yenyewe ni sekunde 90 kwa kila huduma, itazikata zilizokaidi kwa `SIGKILL`, itabandua mifumo ya faili, na mwisho kabisa itaita wito uleule wa `reboot` tunaoujadili. Ukitaka kufanya ombi hilo kutoka ndani ya C bila kuendesha amri ya nje, ishara moja yenye mamlaka ya `root` inatosha:

```c
kill(1, SIGRTMIN + 5); /* 3: simamisha, 4: zima, 5: washa upya */
```

Namba 13, 14 na 15 zinafanana na 3, 4 na 5 kwa mpangilio huohuo, ila hizo huzima papo hapo bila kusubiri huduma. Zitumie pale tu mashine imeshaharibika. Vivyo hivyo kwa `systemctl reboot` yenye `--force` mbili: huruka hatua zote za juu na kwenda moja kwa moja kwenye wito, na data inaweza kupotea.

### Mchakato namba 1 ni wako

Hali hii hupatikana kwenye vifaa vidogo vilivyojengwa kwa kazi moja: kipima maji, kibanda cha malipo, au kifaa kingine chochote ambacho programu yako ndiyo mfumo wote. Hapo hakuna wa kumwomba, na mpangilio unabaki juu yako:

```c
kill(-1, SIGTERM); /* waambie wote wafunge kazi */
sleep(5);
kill(-1, SIGKILL); /* kata waliobaki */
sleep(1);
sync();
mount(NULL, "/", NULL, MS_REMOUNT | MS_RDONLY, NULL);
if (fork() == 0) {
    reboot(RB_POWER_OFF);
    _exit(1);
}
for (;;)
    pause();
```

Ongeza `signal.h` na `sys/mount.h` kwenye vichwa vya programu. Kwenye Linux `kill(-1, ...)` hufikia kila mchakato isipokuwa unaoita na ule namba 1, kwa hiyo programu haijiui yenyewe. Sekunde tano si namba takatifu. Ipime kwa programu yako iliyo nzito zaidi. Kubadilisha diski kuwa ya kusoma tu, kabla ya wito, ndiko kunakohakikisha kwamba mfumo wa faili unaachwa ukiwa safi na hautahitaji ukaguzi kifaa kikiwaka tena. `mount` ikirudisha -1 yenye kosa la `EBUSY`, yupo mchakato ambao bado umefungua faili kwa kuandika. Andika tukio hilo kwenye kumbukumbu za kifaa, usilipite kimya.

Wito unafanywa na mchakato mtoto kwa sababu kuna mazingira ambamo kerneli, baada ya kusimamisha, humaliza mchakato ulioita. Na ikiwa mchakato huo ni namba 1, badala ya kuzimika kwa utulivu utapata ujumbe wa hofu ya kerneli. BusyBox, mkusanyiko wa zana ndogo za Linux kwa vifaa vya aina hii, hufanya hivyohivyo kwenye `init` yake.

Usinakili sehemu hii kwenye mashine yenye systemd. Huduma nyingi zimeagizwa zifufuliwe zinapokufa, kwa hiyo systemd itakuwa inazianzisha tena wakati wewe unazikata, na `mount` haitafaulu kamwe.

## Hatua ya 6: Ita kwa namba pale tu inapolazimu

Maktaba ya glibc, yaani maktaba ya C uliyotumia hadi sasa, hukuficha jambo moja: wito halisi wa kerneli una hoja nne, si moja. Utauhitaji moja kwa moja unapotaka amri ambayo glibc haina, hasa ile ya kuwasha upya kwa ujumbe:

```c
#include <linux/reboot.h>
#include <sys/syscall.h>

syscall(SYS_reboot, LINUX_REBOOT_MAGIC1, LINUX_REBOOT_MAGIC2,
        LINUX_REBOOT_CMD_RESTART2, "recovery");
```

Kwenye simu za Android neno kama `recovery` au `bootloader` huamua simu iwake katika hali gani. Kwenye kompyuta za kawaida za mezani neno hilo huchapishwa na kupuuzwa.

Hoja mbili za kwanza ni namba za ulinzi, zilizowekwa ili programu iliyopotoka isizime mashine kwa bahati mbaya. Ya kwanza ni `0xfee1dead`. Ya pili ni 672274793, ambayo kwa heksadesimali husomeka 28121969: tarehe ya kuzaliwa ya Linus Torvalds. Kerneli hukubali pia namba nyingine tatu mahali pake, nazo ni tarehe za kuzaliwa za binti zake. Tumia majina, usiandike namba kwa mkono. Wengi wanaopata `EINVAL` (kosa la hoja batili) wamegeuza mpangilio wa hoja hizi au wameiweka amri mahali pa namba ya ulinzi.

Zingatia pia kwamba kerneli hukagua ruhusa kabla ya kukagua namba. Mtumiaji asiye na uwezo hupata `EPERM` hata kama hoja zake zote ni mbovu, na `EINVAL` hujitokeza baada ya ruhusa kupatikana. Usidhani kosa jipya limeletwa na `sudo`. Lilikuwepo tangu mwanzo.

## Hatua ya 7: Fahamu uko ndani ya kontena au nje

Tangu Linux 3.4, wito wa `reboot` ukifanywa ndani ya kundi la michakato lililotengwa, kama lile la kontena, hauigusi mashine. Kerneli huua mchakato namba 1 wa kontena hilo: kwa ishara ya `SIGHUP` ikiwa umeomba kuwasha upya, na kwa `SIGINT` ikiwa umeomba kusimamisha au kuzima. Aliyelianzisha kontena husoma ishara hiyo na kuamua kuliwasha tena au kuliacha.

Docker huenda mbali zaidi: kwa chaguo-msingi huliondolea kontena uwezo wa `CAP_SYS_BOOT`, kwa hiyo utapata `EPERM` hata ukiwa `root` ndani yake. Hakuna sababu nzuri ya kuurudisha. Ikiwa programu iliyo ndani ya kontena inapaswa kuzima mashine nzima, weka huduma ndogo nje ya kontena itakayopokea ombi kupitia soketi, ikague kwamba linatoka kwa anayeruhusiwa, kisha iendeshe `systemctl poweroff`.

## Mambo yanapokataa

Programu imekwama kabla ya kufika kwenye wito. Mara nyingi ni `sync` inayosubiri diski mbovu au seva ya mafaili ya mtandao isiyojibu, na inaweza kusubiri bila mwisho. Iendeshe `sync` ndani ya mchakato mtoto, mpe mtoto huyo muda maalumu, sekunde 30 kwa mfano, kisha endelea na wito hata kama hajamaliza. Ni uamuzi mchungu, lakini mashine iliyokwama nusu ikiwa hai haimlindi mtu.

Ujumbe wa `Restarting system` umeonekana, lakini mashine haiwaki. Programu yako imemaliza kazi yake. Tatizo ni njia ambayo kerneli inatumia kuiamuru bodi. Kwenye mashine za x86, ongeza `reboot=pci` au `reboot=efi` kwenye mstari wa kuwashia kerneli, moja baada ya nyingine, hadi upate inayokubali.

Mtu anabonyeza Ctrl, Alt na Delete na seva inajiwasha upya. Ita `reboot(RB_DISABLE_CAD)` mara moja mfumo unapowaka. Tofauti na zile tatu, amri hii hurudisha 0 na programu huendelea. Baada yake vitufe hivyo hutuma `SIGINT` kwa mchakato namba 1 badala ya kuwasha upya mara moja, na mchakato huo ndio utakaoamua la kufanya. systemd hulifanya hili yenyewe.

Hakuna kinachojibu isipokuwa terminali yenye `root`. Andika herufi hizi moja baada ya nyingine, ukipumzika sekunde chache kati yake:

```
echo s > /proc/sysrq-trigger
echo u > /proc/sysrq-trigger
echo b > /proc/sysrq-trigger
```

Ya kwanza inapeleka data diski, ya pili inageuza mifumo ya faili kuwa ya kusoma tu, ya tatu inawasha upya bila kusubiri lolote. Ukitaka kuzima badala ya kuwasha upya, weka `o` mahali pa `b`. Usianze na `b` peke yake kwa haraka: herufi hiyo haiandiki chochote diski kabla ya kukata.